Mfuko Mmoja, Viti Vitatu: Mtaji wa Pamoja na Maadili ya Meza ya Poka nchini Marekani

Utangulizi

Katika miaka ya mwanzo ya 1960, wacheza karata watatu wa Texas walikuwa wakisafiri mji hadi mji kwa mtaji mmoja. Wa kwanza alikuwa Doyle Brunson. Wa pili alikuwa Thomas Austin Preston, aliyejulikana zaidi kwa jina la Amarillo Slim. Wa tatu alikuwa Brian Roberts, aliyeitwa Sailor kwa sababu aliwahi kuwa baharia wa jeshi. Aliyeshinda alitia kwenye mfuko wa wote, na aliyeshindwa alichota humo humo. Ubia huo ulidumu takriban miaka sita. Baadaye wote watatu walitwaa ubingwa wa Mashindano ya Dunia ya Poka huko Las Vegas: Preston mwaka 1972, Roberts mwaka 1975, na Brunson mara mbili mfululizo, 1976 na 1977.

Katika masimulizi ya mchezo huo, ubia wao hukumbukwa kama hadithi ya urafiki na ujasiri wa barabarani. Makala hii inaangalia upande ambao masimulizi hayo huupita haraka. Wabia wawili au watatu wenye mfuko mmoja wanapoketi meza moja, watu wengine walioketi pale na pesa zao wenyewe huwa wanacheza mchezo gani? Swali hilo linavuka mipaka ya karata. Kila shughuli inayodhani kwamba washindani wanajitegemea, uwe mnada wa hadhara au zabuni ya serikali, huharibika kwa namna ile ile pale washindani wawili wanapokuwa na mfuko mmoja. Poka ina faida moja kwa mtafiti: hesabu yake ni fupi na inaonekana wazi.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mtaji wa pamoja umehukumiwa kwa muda mrefu kwa kipimo cha uaminifu wa wahusika, na kwamba kipimo hicho hakifai. Wabia waaminifu kabisa, wasiopeana ishara yoyote, bado hubadilisha mchezo wa wenzao kwa kuwepo kwao tu.

Hesabu ya meza

Katika michezo mingi ya kasino mchezaji hushindana na mwenye nyumba. Katika poka hushindana na wachezaji wenzake, na mwenye nyumba hukata sehemu ndogo ya kila fungu la pesa au hutoza malipo ya kiti kwa muda. Kila mchezaji huficha karata zake, huweka dau kwa zamu, na anaweza wakati wowote kuzitupa karata na kuacha pesa alizokwisha kuweka. Uamuzi wa kulipa dau la mwingine hutegemea dhana moja ambayo hakuna anayehitaji kuitamka: kwamba yule aliyeweka dau anahatarisha pesa zake ili kupata za wengine.

Mfano mdogo unatosha. A na B wanagawana mtaji nusu kwa nusu, na D ni mgeni. A anaweka dau la dola 300, D analipa, B anapandisha dau hadi dola 900, kisha A anapandisha tena. D, aliyeshika karata za wastani, sasa yuko katikati ya watu wawili wanaoonekana kushindana vikali. Akizitupa karata, dola zake 300 zinabaki, na nyongeza zote ambazo A na B walitunishiana vifua kwazo zinarudi kwenye mfuko ule ule. Hali kadhalika, D akiwa amekwisha kutoka na A akaweka dau dhidi ya B, hakuna kinachoshindaniwa. Pesa zitakazotoka kwa B kwenda kwa A ni sawa na kuhamisha noti kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto.

Ukubwa wa tatizo hutegemea kiwango cha ubia. Wachezaji wawili wakibadilishana asilimia 5 ya matokeo yao, jambo ambalo ni la kawaida sana katika mashindano, kila dola ambayo B anaipoteza kwa A humgharimu B senti 90. Anapoteza asilimia 95 ya hasara yake mwenyewe na kurudishiwa asilimia 5 ya faida ya mwenzake, hivyo bado ana kila sababu ya kupigana. Wakigawana nusu kwa nusu, gharama hiyo ni sifuri. Ni sifuri pia kwa wabia watatu wenye theluthi moja kila mmoja, kama walivyokuwa watu wa Texas.

Hakuna hatua katika mfano wa A, B na D inayohitaji makubaliano ya siri. B hahitaji kukonyezwa ili alegeze mkono dhidi ya A. Maslahi yake yanamwelekeza huko kama maji yanavyofuata mteremko. Ili acheze kana kwamba hawana ubia, ingembidi atende kinyume cha maslahi yake katika kila mkono wa karata, usiku kucha, bila kusifiwa wala kuonekana. Na hata akifanya hivyo, hakuna awezaye kuthibitisha, kwa maana karata zilizotupwa hazifunuliwi. Mgeni anaombwa kuamini jambo ambalo mbia mwenyewe hana njia ya kulionyesha.

Kutoka mto Mississippi hadi barabara za Texas

Ushirika wa siri ni wa zamani karibu sawa na mchezo wenyewe. Poka ilienea kutoka New Orleans katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, ikapanda mto Mississippi kwa meli za mvuke zilizobeba wafanyabiashara wa pamba, wenye mashamba na wasafiri wenye pesa taslimu. Jonathan Harrington Green, mcheza kamari aliyetubu na kuwa mhubiri dhidi ya kamari, alichapisha mwaka 1843 kitabu cha kufichua mbinu za wenzake wa zamani. Kutoka upande wa pili, George Devol alichapisha mwaka 1887 kumbukumbu za miaka 40 ya kamari mtoni, na humo hakuona haya kueleza jinsi yeye na washirika wake walivyowanyonya abiria. Mmoja wa washirika hao alikuwa William Jones, maarufu kama Canada Bill. Njia yao ilikuwa kujifanya hawajuani. Urafiki ulifichwa melini na kurejea nchi kavu wakati wa kugawana.

Hasira ya umma dhidi ya magenge hayo ilikuwa kali. Mwezi Julai 1835, mjini Vicksburg, kundi la wananchi liliwanyonga wacheza kamari watano bila kuwafikisha mahakamani. Tukio hilo la ukatili halina lolote la kufundisha kuhusu haki, ila linaonyesha jinsi jamii ilivyokosa chombo cha kati baina ya kuvumilia na kuua. Hakukuwa na kanuni ya meza, msimamizi wala rejista. Kosa lilitambuliwa kwa sura ya mtu: huyu ni laghai, yule ni muungwana. Mtazamo huo ndio uliorithiwa na Texas ya karne ya 20.

Brunson hakulingana na sura ya laghai wa mtoni. Alizaliwa mwaka 1933 katika kijiji cha Longworth, akawa mchezaji hodari wa mpira wa kikapu hadi alipovunjika mguu, akapata shahada ya uzamili ya usimamizi wa elimu katika Hardin-Simmons mjini Abilene, kisha akaajiriwa kuuza mashine za ofisini. Kazi hiyo aliiacha mara alipobaini kwamba karata zilimlipa zaidi. Alianzia kwenye meza za Fort Worth, na kutoka hapo akaingia kwenye mzunguko wa michezo ya faragha ya Texas, Oklahoma na Louisiana pamoja na Preston na Roberts.

Mazingira ya mzunguko huo ndiyo yanayoeleza ubia wao vizuri kuliko tabia zao. Kamari ilikuwa kinyume cha sheria. Mchezaji aliyefika mji mgeni alikabiliwa na hatari ya kuibiwa kwa karata zilizotiwa alama, kuvamiwa na majambazi wenye silaha wakati akitoka, na kukamatwa na polisi. Zaidi ya hayo kulikuwa na hatari ya bahati yenyewe, kwa kuwa hata mchezaji bora hupitia majuma ya hasara mfululizo. Benki isingemkopesha, na mahakama isingemsaidia kudai deni la kamari. Mtu wa namna hiyo hana bima isipokuwa watu wenzake. Msomaji wa Kiswahili atautambua mpango huo mara moja, kwani lugha ina neno la zamani kwa ajili yake: kula bia, yaani kuchangia gharama pamoja, na ndilo lililozaa ubia wa leo. Kwa kipimo cha hatari zao, watatu hao walifanya jambo la busara.

Lakini bima ya watu watatu ililipiwa sehemu fulani na mtu mwingine. Hapa mwanahistoria hukumbana na ugumu wa vyanzo. Mengi yanayojulikana kuhusu ubia huo yametoka kwa wabia wenyewe: kumbukumbu za Preston zilitoka mwaka 2003, na za Brunson mwaka 2009. Wenye mashamba ya ng'ombe, wachimba mafuta na wafanyabiashara walioketi nao hawakuandika vitabu. Historia ya poka ni historia iliyoandikwa na washindi kwa maana isiyo ya mafumbo, na pale washindi wanaposema kwamba walicheza kwa haki hata wao kwa wao, hakuna karata iliyobaki ya kupima kauli hiyo.

Kwa upande wao inaweza kusemwa kwamba jina jema lilikuwa mali. Waliishi kwa kualikwa, na mwalikwa anayeshukiwa wizi hafunguliwi mlango mara ya pili. Hoja hiyo ina uzito, na waandishi wengi wa mchezo huu huishia hapo. Udhaifu wake ni kwamba jina jema huadhibu kinachoonekana. Mtu anayetoa karata kwenye mkono wa shati huonekana siku moja. Mtu anayezitupa karata nzuri kwa sababu aliyeweka dau ni mbia wake haonekani kamwe, na huenda hata yeye mwenyewe hajui kama ametupa kwa hesabu au kwa urafiki. Pia inaweza kusemwa kwamba waliocheza nao huenda walijua kuhusu mfuko mmoja. Pale walipojua na wakaketi, lawama inapungua sana, kwa kuwa D anayejua kwamba A na B ni kitu kimoja hahesabu ushindani wao kama ushindani. Uzito wote wa swali la maadili, kwa hiyo, uko kwenye kujua huko.

Las Vegas na mwisho wa ubia

Nevada ilikuwa imehalalisha kamari tangu mwaka 1931. Watatu hao walipokwenda Las Vegas pamoja kwa mara ya kwanza kwa nia ya kucheza michezo mikubwa, walipoteza mtaji wao wote, kiasi kilichozidi dola 100,000, na wakaamua kila mtu ashike njia yake. Urafiki ulibaki. Tukio hilo husimuliwa kama kioja, ingawa lina mantiki ya kiuchumi. Hatari ambazo mfuko wa pamoja ulikusudiwa kuzikinga, yaani majambazi na polisi wa mji mgeni, hazikuwa na nguvu ile ile ndani ya kasino yenye leseni. Iliyobaki ilikuwa hatari ya kushindwa na wachezaji wazuri zaidi, na kwa hatari hiyo mfuko mmoja ni udhaifu: watatu wakizidiwa pamoja, hakuna aliyebaki nje wa kuwainua.

Mwaka 1972, miaka kadhaa baada ya ubia kuvunjika, Brunson na Preston walijikuta miongoni mwa watatu wa mwisho katika Mashindano ya Dunia kwenye kasino ya Benny Binion, pamoja na Puggy Pearson. Washiriki walikuwa wanane tu, na zawadi iliyotangazwa ilikuwa dola 80,000. Brunson aliondoka mezani kwa maelezo kwamba anaumwa. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba sababu halisi ilikuwa kutotaka kujulikana kwao Texas kama mcheza kamari, na kwamba kulikuwa na makubaliano kuhusu pesa. Preston alishinda, akahojiwa kwenye televisheni ya taifa, na mashindano yakapata umaarufu ambao hayakuwa nao.

Tukio hili hutumiwa mara nyingi kama mfano wa njama, lakini linatofautiana na meza za Texas katika jambo la msingi. Wote watatu waliobaki walihusika, na hakuna mgeni aliyelipa gharama mezani. Aliyepewa picha isiyo ya kweli alikuwa mtazamaji, na yeyote ambaye angeweka dau juu ya mshindi. Kadiri mashindano yalivyogeuka kuwa tamasha la umma, kundi hilo lilizidi kukua, na ndiyo maana kugawana zawadi kimyakimya, jambo lililokuwa la kawaida miongoni mwa watu waliojuana, likawa suala la kanuni.

Mfuko wa pamoja usio na mtu wa tatu

Kisa cha Andrew Beal kinasaidia kutenganisha mambo ambayo Texas iliyachanganya. Beal, mwenye benki kutoka Dallas na mpenzi wa hisabati, alianza mwaka 2001 kucheza na wachezaji mashuhuri wa Las Vegas kwa viwango ambavyo hakuna mmoja wao aliyeweza kuvibeba peke yake. Waliunganisha mitaji yao, Brunson akiwemo, na kumtuma mchezaji mmoja mmoja kukabiliana naye, wawili tu mezani. Mwaka 2004 madau yalifikia dola 100,000 na 200,000. Mwezi Februari 2006, Phil Ivey aliyecheza kwa niaba ya kundi alimshinda zaidi ya dola milioni 16 katika muda wa siku tatu.

Mfuko ulikuwa wa pamoja kuliko ule wa Texas, na pesa zilikuwa nyingi mara nyingi zaidi. Hata hivyo lawama ya kimaadili ni ndogo. Beal alijua anacheza na kundi, na hakukuwa na mbia wa pili mezani wa kulegezewa mkono. Alilolalamikia lilikuwa jambo tofauti: wapinzani wangeweza kumbadilisha aliyechoka, naye hakuwa na wa kumpokea. Dawa yake ilikuwa kupandisha madau hadi mfuko wao uanze kuuma, yaani alijibu ubia kwa silaha aliyokuwa nayo kwa sababu aliujua. D wa mfano wa awali hana nafasi hiyo.

Kanuni na wasimamizi

Chama cha waongoza mashindano ya poka, kilichoanzishwa mwaka 2001 ili kuoanisha kanuni za kasino mbalimbali, kiliweka wazi kwamba poka ni mchezo wa mtu mmoja mmoja na kwamba kulegezeana mkono ni kosa lenye adhabu hata pasipo makubaliano. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kutoka fikra za Mississippi, kwa sababu msimamizi sasa huangalia kitendo na haulizi kama mtu ni muungwana. Haikuzuia, na pengine haikuweza kuzuia, biashara halali ya kufadhili wachezaji na kubadilishana asilimia. Katika mashindano ya maelfu ya washiriki, kama yale ya mwaka 2006 yaliyokuwa na watu 8,773, wabia hupangiwa viti kwa kura, na kukutana kwao mezani ni ajali. Kwenye meza ya kawaida ya pesa taslimu mtu huchagua kiti, na wabia wawili wakiwa meza moja wamechagua kuwa hapo.

Tofauti hiyo ina maana kwa wasimamizi wa ukanda huu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ya mwaka 2003, ile ya Uganda ya mwaka 2016 na ile ya Kenya ya mwaka 1966 iliyotumika hadi sheria mpya ya 2025, uti wa mgongo wake ni leseni, ukaguzi na kodi ya mwendeshaji. Mpangilio huo unafaa pale mchezaji anaposhindana na nyumba. Kwa poka unaacha pengo, kwa kuwa makato ya nyumba hayapungui wabia wanapomnyonya mgeni. Mahesabu ya mwendeshaji yatakuwa safi na kodi italipwa yote. Kupiga marufuku ufadhili kungekuwa kulipiza kosa kwa asiye mkosaji, na kungewasukuma wabia kurudi kwenye usiri wa melini. Kinachohitajika ni kidogo zaidi: wenye kugawana matokeo wasiketi meza moja ya pesa taslimu, na katika mashindano wautangaze ubia unaozidi kiwango kilichowekwa kabla ya kuketi, adhabu ikiangukia kuficha.

Utekelezaji hauwezi kutegemea malalamiko, maana aliyenyonywa huenda nyumbani akiamini kwamba alikosa bahati. Kwenye intaneti kila karata iliyotupwa hubaki kwenye kumbukumbu za mtambo, na mkaguzi anaweza kulinganisha maelfu ya mikono ili kuona nani hampigi nani. Kwenye meza ya mbao karata hizo hukusanywa na kuchanganywa na nyingine ndani ya dakika moja, na ushahidi huchanganywa nazo.